Kiasi ni Fadhila, Hata kwa Feni

Huko Vuhovi, upande wa Butembo na Beni, katika nyumba isiyofikiwa na nyaya za umeme, betri inayojazwa na jua ni akiba ya wote. Feni ndogo ya volti 12, iliyotolewa katika kompyuta kuukuu, ikienda mbio mchana kutwa, yaweza kuwanyima watoto taa ya kusomea jioni.

Lakini feni yenye nyaya 4 hukubali kutawaliwa. Kidude cha bei nafuu, kama Arduino, huupelekea waya wa nne mapigo ya umeme 25,000 kwa sekunde. Kila pigo likifupishwa, mwendo hupungua. Mwendo ukiwa nusu, upepo huwa nusu, bali umeme unaoliwa waweza kushuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Baba, punguza upepo, mwana apate kusoma.