Ala Kuukuu za Waya wa Breki: Zipi Zirudishwe, Zipi Ziachwe

Katika nyumba nyingi za kwetu, tangu Kasese mpaka Bwera, utaikuta baiskeli ya zamani imeegemezwa ukutani, Raleigh au Humber, aliyoiacha babu. Pikipiki zimeshika njia, lakini baadhi yetu vijana tumeanza kuzitengeneza upya baiskeli hizo, na wazee waliosoma kabla yetu hutuletea zao. Kila mwenye baiskeli husema neno moja: "Nataka ibaki kama ilivyokuwa." Hapo ndipo linapozuka swali la ala za waya. Je, ala kuukuu yafaa kutumika tena? Jibu langu ni kwamba yafaa ikiwa imepimwa. Na isiyopita kipimo isirudishwe kwenye breki, hata ikipendeza namna gani.

Kwanza tuelewane juu ya ala yenyewe. Baiskeli nyingi za kizamani breki zake huvutwa kwa fito za chuma, nazo hazina ala. Ninazozisema ni zile zenye breki za waya, pamoja na zile zenye gea tatu ndani ya habu ya nyuma, ambazo gea zake huvutwa kwa waya. Ala ni lile bomba jembamba la kupindika ambamo waya hupita, kama kisu katika ala yake. Ndani ni chuma kilichozungushwa kama springi, kila mzunguko ukigusana na mwenziwe. Nje imevikwa nguo iliyofumwa, au plastiki kwa zile za baadaye. Ernest Monnington Bowden ndiye aliyepata hati ya uvumbuzi wa waya wa namna hii huko Uingereza, mwaka wa 1896. Wengi humchanganya na Frank Bowden, mwenye kiwanda cha Raleigh mjini Nottingham, lakini hao walikuwa watu wawili mbalimbali.

Watu hudhani kwamba ala ni vazi tu la kuukinga waya na vumbi. Sivyo. Ukibana mkono wa breki, waya huvutwa, na wakati huo huo ala husukumwa kwa nguvu ile ile. Ala ikiwa imara, nguvu hufika kwenye mipira ya breki. Ala ikiwa imelegea, hubonyea na kufupika. Mkono wa breki hufika kwenye usukani, na gurudumu bado linazunguka.

Basi mimi hukagua hivi. Nauchomoa waya wa ndani na kuutupa, maana waya mpya si ghali, na waya ulioanza kukatika nyuzi hauna dawa. Kisha naipinda ala taratibu, nikiitazama urefu wake wote. Nikiona mizunguko imeachana, au ala imepondeka mahali, hiyo imekwisha. Nguo ikiwa imechakaa kidogo lakini chuma ni kizima, si neno.

Iliyobaki naitundika wima na kumimina mafuta ya taa juu, tone kwa tone, mpaka yatoke chini yakiwa safi. Ikiisha kukauka, napitisha waya mpya uliopakwa grisi. Ala za zamani hazina mrija wa plastiki ndani kama za siku hizi. Chuma husugua chuma, kwa hiyo bila mafuta hazidumu. Mwisho naikunja ala kama itakavyokaa kwenye baiskeli, nauvuta waya huku na huku. Ukikwama au ukikwaruza, ala haifai.

Ncha ndizo zinazoharibika mapema. Kata kipande kibovu kwa koleo kali, sawazisha kwa tupa, panua tundu kwa msumari, kisha rudisha kikofia chake cha chuma. Lakini pima kabla ya kukata: ala iliyo fupi mno huvutwa usukani unapogeuzwa, na breki hukaza yenyewe.

Kwetu iko sababu nyingine ya kuwa waangalifu, nayo ni chumvi ya Katwe. Baiskeli iliyobeba chumvi hiyo huliwa na kutu upesi. Nimepasua ala tatu za baiskeli za namna hiyo. Nje zilikuwa nzima, ndani zimeliwa. Ala ya baiskeli iliyobeba chumvi usiiamini kwa macho.

Ala za gea hazina hatari kubwa kama za breki, lakini nazo zataka uangalifu. Waya wa habu ya Sturmey-Archer ya gea tatu ukikatika, habu hubaki kwenye gea nzito. Waya usiporekebishwa sawa, kati ya gea ya pili na ya tatu pana mahali ambapo pedali huzunguka bure, na aliyesimama juu yake akipanda kilima aweza kuanguka. Ala iliyopondeka huyafanya marekebisho hayo yasishike.

Ala ndefu ya breki iliyoharibika mahali pamoja tu usiitupe yote. Kipande kizima chaweza kutumika kwenye gea, maana ala yake mara nyingi ni fupi. Lakini usifanye kinyume chake kwa ala za gea za baiskeli za kisasa, ambazo nyuzi zake za chuma zimelala kwa urefu badala ya kuzungushwa. Hizo zikitiwa kwenye breki zaweza kupasuka.

Ya kale ni dhahabu, nami nakubali. Lakini barabara ishukayo kutoka Kilembe kuja Kasese, kando ya mto Nyamwamba, haitazami umri wa baiskeli. Mvua ikinyesha, rimu za chuma huteleza, na breki nzuri nazo hupungua nguvu. Mwenye kutaka sura ya zamani na anunue ala mpya nyeusi, ile kuukuu aiweke katika sanduku pamoja na karatasi yenye jina la baiskeli yake. Kisha abane breki kwa nguvu mara kumi baiskeli ikiwa imesimama, aijaribu mahali tambarare bila mzigo, halafu na mzigo, ndipo aende mlimani.