Saa Haijui Saa Ngapi

Fundi akimaliza kuweka betri mpya kwenye saa ya dijitali, itazame kabla hajabonyeza kitu chochote. Sekunde zinafuatana moja baada ya nyingine bila kusita, lakini saa yenyewe haina habari kama nje ni mchana au usiku, wala kama mwezi ni Machi au Septemba. Inahesabu tu. Hata wiki iliyopita, betri ya zamani ilipokuwa na nguvu, ilikuwa inahesabu vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wakati huo kulikuwa na mtu aliyeiambia ianzie wapi.

Kuiambia saa ianzie wapi ni kazi ambayo wengi wetu tunaifanya kwa kubahatisha. Tunabonyeza kitufe hiki na kile mpaka namba zianze kupepesa, tunazisogeza, tunaivaa. Wachache hujiuliza kwa nini zinazoanza kupepesa ni sekunde na si saa, kwa nini mwezi umefichwa, au kwa nini tarehe ya simu na ya mkononi hutofautiana baada ya Februari. Majibu yanaanzia kwenye kipande cha jiwe na kuishia kwenye makubaliano ya watu, na kila namba inayopepesa inaonyesha mahali ambapo hesabu ya mashine inakoma na uamuzi wa mwenye saa unaanza.

Mfano mzuri ni Casio F-91W, saa nyepesi ya plastiki iliyobuniwa na Ryusuke Moriai na kuingia sokoni mwaka 1989. Ina vitufe vitatu tu, na bado inatengenezwa. Mengi yanayohusu saa hiyo yanazihusu pia saa nyingi za dijitali za bei nafuu.

Jiwe linalotetemeka

Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za madini kama kwatzi zikibanwa hutoa umeme kidogo. Muda mfupi baadaye ikathibitika kwamba kinyume chake pia ni kweli: fuwele ikipewa umeme, hujikunja. Ukiipa umeme unaobadilika-badilika kwa mpangilio unaofaa, hutetemeka kwa kasi isiyoyumba. Mwaka 1927 Warren Marrison na J. W. Horton, wa maabara za Bell nchini Marekani, walitumia mtetemo huo kuendesha saa ya kwanza ya kwatzi. Ilipita miaka 42 kabla jiwe hilo halijafika mkononi, Seiko walipotoa saa ya Astron huko Tokyo, Desemba 25, 1969.

Astron ilikuwa na mishale. Saa ya mkononi ya namba ilifuata mwaka 1972, ilipotoka Pulsar ya kampuni ya Hamilton. Ilikuwa ya dhahabu, na iliuzwa kwa dola 2,100. Namba zake ziliwaka kwa taa ndogo nyekundu zilizokula betri kiasi kwamba kioo kilikaa kimezima hadi mvaaji abonyeze kitufe. Kioo cha kimiminika, ambacho hakitoi mwanga wake bali huzuia au kupitisha mwanga wa nje, ndicho kilichowezesha namba kuonekana muda wote. Ndiyo sababu F-91W inaweza kukaa miaka saba hivi kwa betri moja ya CR2016.

Ndani ya saa hiyo kuna kipande kidogo cha kwatzi kilichochongwa kama uma wenye meno mawili, na kinatetemeka mara 32,768 kila sekunde. Namba hiyo haikuokotwa. Ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe hadi zipatikane mbili 15. Saketi ya saa haihitaji akili kubwa kuishughulikia: inaigawa kwa mbili, ikapata 16,384, kisha 8,192, kisha 4,096, na baada ya kugawa mara 15 inabaki 1. Hiyo moja ndiyo sekunde. Kasi hiyo pia imepita upeo wa sikio la binadamu, ambalo husikia hadi mitetemo 20,000 hivi, kwa hiyo jiwe linapiga kelele usiku kucha na wewe unalala.

Watengenezaji wa F-91W wanasema inaweza kwenda mbele au kubaki nyuma kwa hadi sekunde 30 kwa mwezi. Mwezi wa siku 30 una sekunde 2,592,000, kwa hiyo kosa hilo ni kama sekunde 12 katika kila milioni. Sehemu ya kosa hutokana na uchongaji, na sehemu hutokana na joto. Fuwele za aina hii huwa na kasi kubwa zaidi karibu na nyuzi 25 za Selsiasi. Joto likipanda au likishuka kutoka hapo, zinapunguza mwendo. Kwenye nyuzi 35 zinapoteza karibu theluthi ya sekunde kwa siku, na kwenye nyuzi 5 zinapoteza zaidi ya sekunde moja. Saa inayovaliwa hupata joto la mwili, ambalo halibadiliki sana. Inayoachwa juu ya dashibodi ya gari juani inachelewa, hata kama ni mpya.

Kwa nini sekunde hutangulia

Bonyeza mara tatu kitufe cha chini kushoto, kilichoandikwa MODE. Utapita kwenye alamu, kisha kwenye saa ya kupimia mbio, na mara ya tatu sekunde zitaanza kupepesa. Ukibonyeza kitufe cha kulia, sekunde zinarudi 00. Ukibonyeza cha juu kushoto, kile cha taa, unahamia kwenye saa, kisha dakika, mwezi, tarehe na siku ya wiki. MODE tena, na umemaliza.

Kile kitendo cha kurudisha sekunde kwenye 00 kina ujanja ndani yake. Ukibonyeza kitufe hicho cha kulia sekunde zikiwa kati ya 00 na 29, dakika haibadiliki. Zikiwa kati ya 30 na 59, saa inaongeza dakika moja. Chukua saa iliyo mbele kwa sekunde nane: dakika mpya inapoingia kwa saa sahihi, yako inasoma 08. Unabonyeza, inarudi 00, dakika inabaki ileile. Sasa chukua iliyo nyuma kwa sekunde nane: inasoma 52, unabonyeza, inaruka hadi 00 na kuongeza dakika, kama inavyotakiwa. Anayerekebisha saa yake kila baada ya wiki mbili au tatu hana haja ya kugusa dakika kamwe, kwa sababu kosa la muda huo halifiki nusu dakika.

Lakini sahihi ni ipi? Tangu 1967 sekunde haipimwi tena kwa mzunguko wa dunia. Ni muda wa mizunguko 9,192,631,770 ya mnururisho unaotoka kwenye atomi ya kaisiamu 133. Saa za atomiki za nchi mbalimbali hulinganishwa na kupatikana wakati mmoja wa dunia nzima, nao ndio unaofika kwenye simu yako kupitia mtandao au setilaiti. Simu, basi, ni mwalimu mzuri. Redio ya zamani pia, kwa zile pi-pi-pi za kabla ya taarifa ya habari, ambazo BBC ilianza kuzirusha mwaka 1924. Jihadhari na televisheni ya kisimbuzi na redio inayosikilizwa kwa intaneti: sauti na picha hubanwa kabla ya kutumwa na kufunguliwa zinapopokelewa, na kazi hiyo huchukua sekunde kadhaa. Ukifuata saa ya kwenye kioo cha runinga, umeshachelewa kabla hujaanza.

Dunia nayo haizunguki kwa mwendo sawa, hivyo tangu 1972 zimeongezwa sekunde 27 za ziada ili saa za atomiki zisiachane na jua. Ya mwisho iliingia mwishoni mwa 2016. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa usiku wa kuamkia Januari 1, 2017, kabla tu ya saa tisa. Saa zote za dijitali zisizounganishwa na chochote ziliamka zikiwa mbele kwa sekunde moja, bila hatia yoyote.

Tofauti ya saa sita

Baada ya sekunde inakuja namba ya saa, na hapa mtumiaji wa Kiswahili ana uamuzi ambao kiwanda hakikumfikiria. Saa zetu tunazihesabu tangu kucha. Jijini Nairobi, karibu kabisa na ikweta, wakati wa jua kuchomoza hubadilika kwa dakika thelathini hivi tu mwaka mzima, na hesabu ya namna hiyo inakaa vizuri. Mashine inasoma 7:00, sisi tunasema saa moja. Wengi wetu tunaiacha saa na hesabu ya kimataifa, na kichwa kinafanya kazi ya kuongeza au kupunguza sita. Anayependelea njia hiyo atasumbuka kidogo zaidi akichagua mpangilio wa saa 24: kutoka 19:00 hadi saa moja usiku ni safari ndefu kuliko kutoka 7:00.

Je, ukitaka saa isome 1:00 kunapokucha na kupambazuka vizuri? Inawezekana, ila unachagua pia siku yako inaanza lini, kwa sababu mashine hubadilisha tarehe inapofika saa sita usiku ya kwake. Ukiirudisha nyuma kwa saa sita, saa moja asubuhi itakuwa 1:00 ya usiku wa mashine, na tarehe itabadilika alfajiri, saa kumi na mbili. Ukiipeleka mbele kwa saa sita, saa moja asubuhi itakuwa 1:00 yenye alama ya PM, na tarehe itabadilika saa kumi na mbili jioni. Mpangilio huu wa pili unakaribiana na kalenda ya Kiislamu, ambamo siku mpya huingia kwa magharibi na usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wake. Vitufe ni vilevile, jiwe ni lilelile, na siku tatu tofauti zinawezekana.

Alama ya PM ina uchunguzi wake rahisi. Tarehe ikibadilika saa sita adhuhuri, saa yako imekosewa kwa saa 12. Isogeze mbele 12 na tatizo litaisha.

Msafiri naye asiguse sekunde. Anayevuka daraja la Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda anarudi nyuma saa moja kamili. Kwa kuwa kitufe cha F-91W hupeleka namba mbele tu, itambidi azipitie saa 23 ili arudi moja. Akikishikilia, zinakimbia zenyewe. Dakika na sekunde alizozipata nyumbani zinabaki sahihi Kigali, Bujumbura na Lubumbashi.

Mwezi uliofichwa

F-91W inaonyesha siku ya wiki na tarehe, lakini mwezi huuoni mpaka uingie kwenye marekebisho. Wengi huuruka. Kosa hilo hukaa kimya hadi mwisho wa mwezi. Ukiwa umeweka Aprili wakati ni Mei, saa itatoka 30 na kwenda 1, na siku ya 31 itakuwa imepotea. Tarehe ikikosea mwisho wa mwezi, kagua mwezi kwanza kabla ya kulaumu saa.

Kinachokosekana kabisa ni mwaka. Saa hii haina mahali pa kuuweka, kwa hiyo haiwezi kujua mwaka mrefu ni upi, na kwake Februari ina siku 28 daima. Jumanne ya Februari 29, 2028 itakapofika, itasoma tarehe 1. Siku ya wiki itakuwa sahihi, kwa sababu inahesabiwa peke yake, lakini tarehe itabaki siku moja mbele mpaka mwenyewe airudishe.

Saa za bei ya juu kidogo hukuuliza mwaka, na nyingi zinakubali hadi 2099 tu. Sababu iko kwenye kalenda. Dunia hulizunguka jua kwa siku 365.2422 hivi, na marekebisho ya Papa Gregory wa 13 mwaka 1582 yaliamua kwamba miaka ya karne haitakuwa mirefu isipokuwa inagawanyika kwa 400. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu, 2100 hautakuwa. Kati ya miaka hiyo miwili, kanuni ya kugawa kwa nne inatosha, na mbunifu wa saa hana haja ya kuweka nyingine.

Pima mwendo wake

Ukishaiweka saa sawasawa, usiiguse kwa siku 30. Kisha ilinganishe na simu na uandike tofauti. Ikiwa mbele kwa sekunde 12, inakimbia kwa sehemu nne za kumi za sekunde kila siku. Rudia mwezi unaofuata. Ukipata namba inayokaribiana na ya kwanza, una saa nzuri, hata kama haisomi sawa na simu. Mabaharia wa enzi za kronomita, zile saa za melini, walifanya hivyo: hawakuihangaisha mishale kila asubuhi, bali waliandika kronomita inakosea kwa kiasi gani kwa siku, wakakitoa kiasi hicho katika hesabu zao za kutafuta longitudo. Walijua kwamba chombo kinachokosea kwa kiasi kilekile kila siku kinaaminika kuliko kinachopatia leo na kukosea kesho. Jiwe lako litaendelea na mwendo wake. Wewe ndiye unayejua ni mwendo gani.