Utangulizi: Mihimili Mitano na Panga la Turbini

Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika karibu na Uvira huwa umeteremka karibu mita 690. Mteremko huo ndio unaozungusha turbini za kituo cha umeme cha Ruzizi ya Kwanza, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na za Ruzizi ya Pili, ambayo Kongo, Rwanda na Burundi zinaimiliki kwa pamoja tangu 1989. Mwanafunzi wa Rurambo, anayeona maji yakishuka milimani kuelekea bondeni, tayari analo swali la kwanza la kitabu hiki: maji hayo yapokelewe na chuma chenye umbo gani?

Jibu hutegemea maji yenyewe. Maji machache yanayotoka juu sana hurushwa kwenye vikombe vya gurudumu ambalo Lester Pelton alilipatia hataza Marekani mwaka 1880. Maji mengi yenye mteremko wa wastani hupita kati ya mapanga yaliyopinda ya turbini ya Francis. Katika injini ya ndege, kinachosukuma ni gesi ya moto, na mapanga ni membamba na yamesokotwa. Mkondo ndio unaoamua umbo. Fundi akikosea mkunjo, viputo vya mvuke huzuka ndani ya maji na kupasuka juu ya chuma, na chuma huanza kulika. Mchanga wa mito yetu huongeza uharibifu huo, ndiyo maana kukarabati turbini ni kazi isiyokwisha.

Umbo la namna hii huchongwaje? Ili ncha ya kikatio ifike mahali fulani, tunahitaji namba tatu: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Ili kikatio kielekee upande fulani, tunahitaji namba mbili zaidi, za pembe. Jumla ni tano, nazo ndizo mihimili mitano. Anayemenya embe hufanya hivyohivyo: husogeza kisu, huku akiligeuza tunda lifuate ukali wake.

Tazama kikatio chenye ncha ya mviringo kwa karibu. Kikisimama wima, ncha yake kabisa iko katikati ya mzunguko, na mwendo wake hapo ni sifuri. Haikati, inasugua tu. Kikiinamishwa kidogo, ubavu wenye kasi ndio unaogusa chuma, na uso hutoka laini. Tena kipande kinachochongwa hufungwa kwenye mashine mara moja tu, bila kufunguliwa na kupangwa upya, kwa kuwa kila kufunga upya huleta kosa jipya.

Maarifa ya kuongoza mashine kwa namba yalizaliwa na tatizo la mapanga. John T. Parsons, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, alianza kutumia namba kuongoza mashine; mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine ya kuchonga inayoongozwa kwa namba.

Joto nalo lina hesabu yake. Mita moja ya chuma cha pua hurefuka kwa zaidi ya sehemu moja ya mia ya milimita kila joto linapopanda nyuzi 1. Karakana ya Uvira ikipata joto nyuzi 10 kati ya asubuhi na adhuhuri, mita hiyo imeongezeka zaidi ya sehemu kumi za mia, na panga la ndege haliruhusu kosa la ukubwa huo.

Vikatio vinavyochonga mapanga haya mara nyingi hutengenezwa kwa kabidi ya wolframi inayoshikamanishwa na kobalti. Wolframi huchimbwa Kivu, na Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Aloi nyingi za injini za ndege zina kobalti pia. Madini tunayo na mito tunayo; kilichobaki ni elimu inayoviunganisha, nayo haichimbwi, hufundishwa.

Sura za mwanzo zinahusu jiometria ya nyuso zilizopinda, kwa kalamu na karatasi. Zinazofuata zinahusu kukereza na kupima, kazi ambazo karakana ndogo inaweza kuzianza. Mihimili mitano inakuja baadaye. Usiiruke jiometria: mashine hutii namba inazopewa, na mwenye kuzielewa namba ndiye mwenye mashine.