Mafiga Matatu ya Moto

Wajukuu zangu, sogeeni niwasimulie. Leo sungura na fisi wapumzike. Nataka kuwaeleza habari za moto wa jikoni, huu tunaouwasha asubuhi na jioni hapa Mwingi katika Kaunti ya Kitui, tangu Migwani hadi Kyuso na Tseikuru. Ndio unaotupikia isyo ya mahindi na maharagwe, na muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, ndio unaotuchemshia uji na chai. Moto huohuo huweza kuunguza mkono wa mtoto, kuteketeza nyumba ya nyasi na kumaliza malisho ya mbuzi kwa mchana mmoja. Anayeujua vizuri hauogopi bila sababu, wala hauchezei.

Wahenga walisema mafiga mawili hayainjiki chungu. Ni kweli, ukiondoa moja sufuria inaanguka. Basi lishikeni jambo hili, maana hadithi yote ya leo imekaa juu yake: moto wenyewe nao una mafiga matatu. La kwanza ni kuni, la pili ni hewa, la tatu ni joto. Ukitaka moto uwake, yalete yote matatu. Ukitaka uzimike, ondoa moja tu.

Tuanze na kuni. Huku kwetu mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na sehemu kubwa ya mwaka ni jua na vumbi. Kwa hiyo kuni kavu hazikosekani: matawi ya mgunga yaliyokauka, magunzi ya mahindi, mabua ya mtama. Lakini ukuni mbichi hujificha ndani ya mzigo. Utautambuaje? Gonganisha vipande viwili. Kuni kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa mlio mzito. Tazama na ncha zake: ukuni mkavu una nyufa, na gome lake hubanduka kwa kidole.

Siku mtu akitia ukuni mbichi jikoni, utazameni ule mwisho uliobaki nje ya moto. Mtaona povu likitoka, mtalisikia likichemka na kuchuruzika. Hayo ni maji yaliyokuwa ndani ya mti. Moto unatumia nguvu zake kuchemsha maji ya ukuni badala ya maji ya sufuria, joto linapungua, na jiko linajaa moshi.

Na moshi ni kitu gani? Hapa nisikilizeni vizuri. Kuni zikipata joto, kwanza maji yake hukauka. Joto likizidi, likifika nyuzi 200 hadi 300 za Selsiasi, mti wenyewe huanza kutoa gesi. Ule mwali wa manjano mnaouona ni hiyo gesi inayowaka juu ya kuni. Gesi ikikosa joto au hewa ya kutosha, hutoka bila kuungua, na sehemu kubwa ya moshi ni hiyo. Kwa hiyo moshi ni kuni ulizozitafuta porini, ukazifunga, ukazibeba mgongoni kwa mukwa, ule mkanda wa kubebea mizigo, kisha zikapita dirishani bila kupika chochote.

Wala hazipiti zote dirishani. Moshi mwingine huingia vifuani mwetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majiko ya nyumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Ndiyo maana mtoto mchanga hafai kukaa mgongoni mwa mtu anayepuliza moto, na ndiyo maana mlango na dirisha la jiko huachwa wazi wakati wa kupika.

Kuna vitu ambavyo haviingii jikoni kamwe. Plastiki ni kimoja. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, lakini chupa na ndara kuukuu bado zimejaa, na moshi wake ni sumu. Kingine ni mnyaa, ule mmea wa uani wenye utomvu mweupe. Utomvu wake ukiingia machoni unaweza kukupofusha kwa muda, kwa hiyo usiuvunje kutafuta kuni. Mafuta ya taa nayo yakae mbali. Ukiyamwagia moto unaofuka, mvuke wake hulipuka mara moja, na mwali hurudi kwa aliyeshika kopo.

Sasa tuuwashe moto wetu. Mtoto hawashi peke yake. Lazima awepo mama, baba, nyanya au mtu mwingine mzima. Kwanza fagia jivu la jana, kwa sababu jivu jingi huziba njia ya hewa. Ondoa nyasi, magunia na kuni za akiba zilizo karibu. Leso isining'inie juu ya jiko. Kunja mikono ya sweta, funga leso yako vizuri, funga na nywele. Nguo za nailoni zikishika moto huyeyuka na kugandia ngozi.

Tazama pia mafiga. Mawe yaliyotolewa kwenye mto yakiwa na unyevu ndani yanaweza kupasuka kwa joto. Afadhali mawe magumu na makavu ya mlimani. Yachimbie kidogo yasicheze, kisha weka sufuria yenye maji kabla ya kuwasha, uisukume kidogo. Ikitikisika, rekebisha sasa, si wakati isyo inachemka. Halafu weka ndoo ya mchanga mkavu kando. Maji kwetu huchimbuliwa mchangani, lakini mchanga wenyewe tunao tele kwenye Mto Tyaa na vijito vyake, nao ukifunika moto huunyima hewa.

Shika konzi ya maganda makavu ya mahindi, uyalegeze, uyaweke katikati. Juu yake panga vijiti vyembamba, vingine hivi, vingine vile, pabaki nafasi kati yake. Kisha ingiza kuni tatu za unene wa kidole gumba, ncha zake zikutane juu ya vijiti. Pasipo nafasi hakuna hewa. Wengi hushindwa hapa: wanabana kuni kwa nguvu, halafu wanapuliza mpaka machozi yanatoka.

Washa njiti ya kiberiti ukiielekeza mbali nawe. Ipeleke chini ya maganda, upande upepo unakotoka, ili mwali usukumwe kuingia kwenye kuni. Maganda yatashika, yatajikunja na kuwa mekundu, kisha vijiti vitaanza kualika. Ngoja hapo. Usitie ukuni mnene mapema, maana utaunyang'anya moto joto lake kabla haujapata nguvu. Vijiti vikishakolea, ongeza kuni nene kidogo, kisha nyingine. Ukihitaji kupuliza, pulizia chini, polepole, na uondoe uso kando kabla ya kuvuta pumzi.

Moto ukishawaka, unataka mchungaji. Ncha zinazoungua ndizo zikae chini ya sufuria. Kila zinapoisha, sukuma kuni ndani kidogo. Kuni tatu au nne nyembamba na kavu hupika vizuri kuliko kumi zilizorundikwa. Mwali ukipita nje ya sufuria na kupanda ubavuni, zimezidi, punguza. Funika sufuria. Maharagwe na mbaazi zilale ndani ya maji usiku ili ziive upesi. Kwenye nyumba zenye jiko kisasa, lile lenye ukuta wa udongo wa kuchomwa, joto halitawanyiki ovyo na kuni hupungua. Kama jiko lenu lina dohani, masizi yaondolewe mara kwa mara, maana masizi yakikaa sana huweza kuwaka ndani ya bomba.

Usiuache moto peke yake, hata kama unaitwa kidogo tu. Mbio na mpira ni nje, mbali na jiko. Kuni ndefu zisitokeze njiani mtu akajikwaa. Mtoto anayetambaa azuiliwe kwa kizuizi au ashikwe na mtu, kwa kuwa anauona wekundu wa kaa, haujui uchungu wake.

Na shida ikitokea? Kumbukeni mafiga yetu. Mafuta ya mandazi yakishika moto ndani ya sufuria, usimwage maji, yatalipuka na kuruka. Mtu mzima atelezeshe kifuniko juu yake, hewa ikatike. Asiibebe sufuria hiyo; aiache ipoe. Nguo yako ikishika moto, usikimbie, kwa sababu kukimbia ni kuutafutia moto hewa. Simama, lala chini, funika uso kwa mikono, biringika mpaka uzime. Nyumba ikiwaka, toka nje, piga kelele, usirudi kuchukua kitu.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida, taratibu, kwa dakika 20. Maji yakiwa haba, kinga kwa beseni na uyamwage tena. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala jivu. Funika kidonda kwa kitambaa safi kisichogandia, na kama ni kikubwa, kiko usoni, au aliyeungua ni mtoto mdogo, apelekwe hospitali.

Kuzima nako kuna kanuni yake. Chakula kikiiva, vuta kuni, zitenganishe, uzike ncha zake mchangani. Zilizobaki zitawashwa kesho. Makaa yafunike. Lakini jivu usilimwage usiku huo. Wazee wetu walikuwa wakifukia kijinga cha moto ndani ya jivu jioni, na asubuhi wakakikuta kingali hai. Jivu la leo likitupwa kwenye upepo wa Septemba, shamba lote linaweza kuungua. Lingoje mpaka liwe baridi kabisa. Hata warina asali wetu, waliolipa jina la Mwingi sifa, wanapaswa kuzima vijinga vyao vya kufukuzia nyuki kabla ya kuondoka porini.

Na katika baridi ya Juni na Julai, jiko la makaa lisiingizwe chumba cha kulala hata kidogo. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Anayelala nayo katika chumba kilichofungwa huenda asiamke.

Mwisho, kumbukeni miti. Mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa, kwa kuwa misitu ilikuwa ikimalizika. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, ina kituo Kitui, nayo imefanya kazi kwa miaka mingi kuotesha mukau, mti wa kwetu unaovumilia ukame. Mbao zake ni za thamani, na matawi yanayopogolewa hufaa kuwa kuni. Anayepika kwa kuni chache na kavu anaacha mti umesimama.

Leo jioni, wajukuu zangu, nendeni jikoni na mzazi wenu mkague: mafiga yametulia? Ndoo ya mchanga ipo? Dirisha liko wazi? Kuni za akiba ziko mbali na moto? Lile mtakalolikuta limekosekana, lirekebisheni kabla kiberiti hakijawashwa.