Diski Imekufa, Laptopu Imezeeka: Pesa Uziweke Wapi?

Laptopu zilizostaafishwa na maofisi ya Ulaya na Uarabuni ndizo zinazofanya kazi kubwa mjini kwetu. Utazikuta steshenari zikichapa barua, hosteli zikiandika ripoti za mafunzo kwa vitendo, na kwenye duka la jumla zikitunza hesabu za mzigo. HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad: mashine ngumu, zenye kibodi inayobonyezeka vizuri. Nyingi za kabla ya 2015 zilitoka kiwandani na diski ya kuzunguka, na diski hiyo ndiyo hutangulia kufa. Siku inapogoma, kioo kinabaki cheusi na mstari mmoja mweupe usemao hakuna kitu cha kuwashia. Mwenye mashine anaikimbiza kwa fundi, na fundi mwenye haraka ana dawa moja: "Tupige Windows upya."

Usikubali mpaka diski ipimwe. Kupiga Windows juu ya diski inayokufa ni kulipia kazi moja mara mbili, maana mashine itagoma tena baada ya muda mfupi. Tena Windows mpya inaandikwa pale pale zilipolala faili zako, na kilichofunikwa hakifukuliki.

Kuna bili mbili hapa, na watu wengi huzichanganya. Moja ni ya kuirudisha mashine kazini. Hiyo ni ndogo na inajulikana. Nyingine ni ya kuzitoa faili zilizokwama, na hiyo inaweza kuwa sifuri au ikazidi thamani ya kompyuta nzima. Anza na hiyo ya pili, kwa sababu makosa yanayofanywa saa ya kwanza ndiyo yanayoipandisha.

Fundi makini huwa hana maneno mengi. Anafungua skrubu za chini, anachomoa diski, anaichomeka kwa kebo ya USB kwenye kompyuta yake, kisha anainama na kuisogeza sikioni. Diski nzima inavuma kwa upole. Ikigonga, tk, tk, tk, halafu ikanyamaza na kuanza tena, kichwa cha kusomea kimeharibika au hakijui kiko wapi. Ndani ya diski, kichwa hicho hupita juu ya sahani bila kuigusa, kwa nafasi nyembamba kuliko chembe ya vumbi. Kikiangukia sahani, kila sekunde ya umeme inakwangua kumbukumbu zako. Ukiusikia mlio huo, chomoa. Usijaribu mara moja zaidi, na usiiweke kwenye friza kama unavyoshauriwa mitaani. Ikitoka huko itafanya unyevu ndani, ukose hata kile kilichokuwa kimebaki.

Diski inayogonga inatakiwa kufunguliwa ndani ya chumba kilichochujwa vumbi, na wanaoifanya kazi hiyo kwa uhakika hutoza dola mia kadhaa na kwenda juu. Kwa bei hiyo unanunua laptopu nyingine. Kwa hiyo kabla hujaulizia, kaa chini uandike ni faili gani hasa huna kwingine. Picha nyingi ziko kwenye simu. Barua ziko kwenye imeili. Sura ya pili ya tasnifu ulimtumia msimamizi wako mwezi uliopita. Mara nyingi orodha inapungua mpaka vitu vitatu vinne, na hapo unajua kama vina thamani ya dola mia tano au la. Kwa vitabu vya hesabu za biashara ya miaka sita, jibu linaweza kuwa ndiyo.

Isipogonga, bali inasoma kwa kujivuta na kustaki, bei inashuka sana. Fundi anaweza kuinakili yote kwenye diski nyingine kwa programu ya bure kama ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi na kuyarudia madoa mabovu baadaye. Swali la kumuuliza ni moja: "Utafanya kazi kwenye diski yenyewe au kwenye nakala?" Akisema kwenye diski yenyewe, mshukuru na utafute mwingine.

Na kuna siku diski haina kosa lolote. Laptopu kadhaa huunganisha diski kwa utepe mwembamba wa kebo, na utepe huo huchoka. MacBook Pro ya inchi 13 ya mwaka 2012 inajulikana sana kwa ugonjwa huu. Dalili zinafanana kabisa na za diski iliyokufa, lakini ukiichomeka diski nje kwa USB inasoma vizuri. Kipimo hicho ni cha dakika tano. Wakati mko hapo, mwombe fundi afungue CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu za afya za diski yenyewe. Mistari ya kutazama ni ule wa 05 na ule wa C5: wa kwanza unahesabu sehemu zilizokwisha kuhamishwa kwa ubovu, wa pili zile zinazosubiri hukumu. Namba hizo zikipanda wiki hadi wiki, diski hiyo haina maisha.

Sasa bili ya mashine. Bei ninazozitaja ni za makadirio kwa Kariakoo, Dar es Salaam, kwa shilingi za Tanzania, na zinapanda na kushuka. Tangu mwishoni mwa 2025 chipu za kumbukumbu zimepanda bei dunia nzima kwa sababu vituo vya akili mnemba vinazigombea, kwa hiyo ulizia maduka matatu kabla ya kutoa hela.

Njia inayoonekana rahisi kuliko zote ni diski ya kuzunguka iliyotumika, ya elfu thelathini au arobaini. Mimi siioni kama akiba. Unanunua umri usioujua, wa kifaa kile kile kilichokufa, na mwendo wake ni kama megabaiti mia moja kwa sekunde siku ikiwa na afya. SSD, yaani diski ya chipu, ya SATA ya GB 256 hucheza kwenye elfu themanini hadi laki moja, haina kinachozunguka, na hufika megabaiti mia tano na zaidi. Hata mashine ya 2010, ambayo bodi yake inaukata mwendo huo karibu nusu, utaiona ikiwaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Ongeza ufundi na kupiga Windows, elfu kumi na tano au ishirini, na kasha la USB la kuiwekea diski ya zamani kama bado inasoma. Jumla haizidi sana laki na ishirini.

GB 128 zinatosha kwa anayechapa barua na kufungua intaneti, lakini tofauti ya bei na GB 256 ni ndogo mno kuihangaikia. GB 512 nunua kama una picha au video za kazi; vinginevyo hela hiyo ina pa kwenda.

Angalia umbo pia. Diski ya zamani ni ya inchi 2.5, na SSD ya SATA ya umbo hilo huingia kwenye skrubu zile zile, ingawa ni nyembamba kidogo na wakati mwingine inahitaji fremu ya plastiki isichezecheze. Mashine za baadaye zina tundu la M.2, na hapo ndipo watu hupigwa: M.2 ziko za SATA na ziko za NVMe, zinakaribiana kwa sura, na bodi nyingi za zamani hazizitambui za pili. Nenda na mashine yenyewe dukani. Usinunue kwa kuelekezwa kwenye simu.

RAM na betri vitakutamanisha ukiwa umeshafungua mashine. Hapa nina msimamo wangu: weka kwanza pesa zinazoweza kuhama. SSD ya inchi 2.5, laptopu ikifa mwakani, unaichomoa na kuitia kwenye mashine nyingine au kwenye kasha ukaifanya hifadhi ya nje. RAM ya DDR3 haiingii kwenye mashine za leo, na betri ya ThinkPad ya zamani haiendi popote. Ongeza RAM kama una GB 4 na unafungua kurasa kumi kwa pamoja; betri subiri. Jumla ikikaribia laki mbili na nusu, simama. Kwa kuongeza juu ya hapo unaingia kwenye bei ya kubadilisha mashine.

Kubadilisha nako kuna sababu yake. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. EliteBook 840 G3 ina kizazi cha sita, haimo. 840 G5 nyingi zina cha nane, zimo. Kama kazi yako ni ya benki, ya mishahara au ya wateja, kusanyia ya kizazi cha nane iliyotumika. Kama ni ya kuandika na kusoma, SSD mpya na mfumo wa Linux Mint, ambao ni bure, vitakusukumia miaka. Faili za Word zinafunguka kwenye LibreOffice, ingawa jedwali zilizopambwa sana huyumba.

Kitu ambacho singemshauri mtu ni laptopu mpya ya bei ya chini kabisa, ile ya Celeron yenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Inang'aa, ina warantii, na hifadhi yake ni eMMC iliyochomelewa kwenye bodi. Ikifa, huchomoi kitu. ThinkPad ya i5 ya 2014 yenye SSD ya laki moja itaiacha nyuma.

SSD bandia zipo, zenye stika ya chapa kubwa na ujazo wa uongo: zinaonyesha GB 512 huku ndani mna chini ya hapo, na faili zinaharibika ukivuka mpaka. Programu ya bure H2testw huijaza SSD yote na kuisoma tena. Iendeshe SSD ikiwa tupu, ndani ya siku za kurudisha mali. Namba ya SSD iandikwe kwenye risiti, si "SSD moja" tu. Na diski yako ya zamani, hata kama fundi anasema ni takataka, ondoka nayo. Kinachoshindikana kwako leo kinaweza kusomwa na mwingine kesho.