Kompyuta ya mbali: herufi ya diski inaweza kuchanganya hesabu za ofisi

Ofisi nyingi zinatumia programu za zamani za hesabu ao za depo kupitia Remote Desktop ya Microsoft: programu inatumika ku serveri ya mbali, mufanyakazi anaona tu picha yake ku kompyuta iliyo mbele yake. Tatizo linaanza wakati anahifadhi kazi ku diski C. Ile C si yake, ni ya serveri. Akitafuta faili ku kompyuta yake, haioni.

Kuita diski kwa herufi ni desturi ya zamani. Ku MS-DOS, iliyotoka mwaka 1981, herufi A na B zilikuwa za disketi. Kisha C ikawa ya diski ya ndani. Programu nyingi za wakati ule ziliandikwa kwa kompyuta ya mutu mumoja. Ku serveri, watu kumi wanaweza kuingia pamoja. Kama programu inaandika kila kitu ku folda moja ya C, kazi ya mumoja inaweza kufuta ya mwingine.

Mutumiaji akiruhusu diski yake wakati wa kuunganisha, serveri inaiona kwa jina \\tsclient\C. Programu mpya zinaelewa njia hiyo. Zile za zamani, mara nyingi, hazielewi: zinataka herufi moja na nukta mbili.

Dawa ni kuipa diski ile herufi yenye haitumiwe ku serveri, kwa mufano H:

net use H: \\tsclient\C

Kila mutu ana H yake, haigusi ya mwenzake. Amri subst inafanya kazi karibu sawa na hiyo: inaonyesha folda ya serveri kama diski. Kwa hiyo kila mufanyakazi anaweza kupata P inayofika ku folda yake mwenyewe. Amri hizi zinawekwa ku skripti ya kuingia, ili zijifanye zenyewe kila siku. Herufi iwe moja kwa wafanyakazi wote, maana programu inakumbuka njia yake.

Lakini mulango ukifunguliwa, unapitisha pande mbili. Virusi vikiingia ku serveri vinaweza kufikia diski ya mutumiaji, na vya kwake kufika ku serveri. Diski isiyo ya lazima isiruhusiwe.

Pahali umeme na intaneti vinakatika mara kwa mara, kama Goma ao Bukavu, ni heri faili za hesabu zibaki ku serveri, ku P ya kila mutu, kisha nakala ichukuliwe wakati programu imefungwa. Faili inayoandikwa kupitia intaneti inaweza kuharibika laini ikikatika katikati.

Tena, herufi haiponyeshe yote: Windows ya biti 64 haifungui kabisa programu za biti 16. Wenye kubadilisha serveri wajaribu programu yao kwanza, mbele ya kuzima ile ya zamani.