Diski Inapogoma Kuandika

Hifadhidata ikizidiwa na maandishi, ujumbe wa kwanza kutokea kwenye skrini huwa mfupi na wa kuudhi: hakuna nafasi iliyobaki kwenye kifaa. Msimamizi anaupata saa nne usiku, tarehe za mishahara, wakati kila mtu anatuma na kutoa pesa, na wazo la kwanza linalomjia ni kutafuta cha kufuta. Sura hii inakusudia kumshika mkono kabla hajafuta. Ujumbe ule unataja mahali hifadhidata ilipoangukia. Ilipojikwaa ni kwingine, na mara nyingi ilijikwaa siku kadhaa nyuma, diski ikiwa bado na nafasi tele.

Mfano wetu utakuwa PostgreSQL, kwa kuwa ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na tabia zake mbaya zimeelezwa kinagaubaga na watu walewale walioitengeneza.

Tuanze na kinachotokea mteja mmoja anapolipa. PostgreSQL hutunza data katika kurasa za kilobaiti 8. Malipo yakiingia, ukurasa unaohusika hubadilishwa kwenye RAM tu, si kwenye diski. Papo hapo maelezo ya badiliko hilo huandikwa mwishoni mwa mfululizo wa faili ziitwazo WAL, ambazo hapa nitaziita shajara. Muamala ukikamilika, shajara ndiyo inayosukumwa hadi kwenye diski, na mteja anaambiwa malipo yamepita. Ukurasa wenyewe utafuata baadaye. Ni kama mwenye duka anayenukuu mauzo harakaharaka kwenye kijidaftari wateja wakiwa wamejazana, kisha jioni anahamishia kwenye leja. Umeme ukikatika kabla ya jioni, kijidaftari kipo.

Hiyo jioni ya hifadhidata inaitwa chekipointi. Kwa mipangilio ya kawaida hufika kila dakika 5, au mapema zaidi shajara ikikaribia kikomo kiitwacho max_wal_size, ambacho kwa kawaida ni gigabaiti 1. Chekipointi ikipita salama, shajara ya zamani haina kazi tena, na faili zake, za megabaiti 16 kila moja, hufutwa au hutumiwa upya.

Sasa kuna kanuni moja ambayo wengi hawaijui hadi iwaumize. Baada ya kila chekipointi, ukurasa unapoguswa kwa mara ya kwanza, PostgreSQL huuandika wote kwenye shajara, si badiliko lake peke yake. Inafanya hivyo kujikinga na ukurasa ulioandikwa nusu umeme ulipokatika. Kinga ni nzuri, lakini ina gharama: kubadilisha mstari wa baiti 100 kunaweza kuzaa karibu kilobaiti 8 za shajara. Mzigo ukiongezeka, shajara hujaa upesi. Ikijaa upesi, chekipointi huja mapema. Chekipointi zikikaribiana, kurasa nzima huandikwa mara nyingi zaidi. Na shajara huzidi kunenepa. Mtambo unajizungusha wenyewe. Ukiona kwenye kumbukumbu zake onyo kwamba chekipointi zinatokea mara nyingi mno, usilipuuze. Kupandisha max_wal_size hadi gigabaiti kadhaa au makumi, kadiri diski inavyoruhusu, ni dawa ya bei rahisi kuliko kununua seva.

Na waandishi wa programu wana mkono wao humu. Jedwali lenye funguo za UUID za kubahatisha hutawanya kila mstari mpya kwenye ukurasa tofauti wa faharasa, hivyo kurasa nyingi huguswa kwa mara ya kwanza, na zote huingia kwenye shajara. Funguo zinazofuatana kwa wakati hugusa kurasa chache za mwisho tu. PostgreSQL 18, iliyotoka mwaka 2025, ina kitendakazi cha kutengeneza UUID za aina hiyo. Kwa maoni yangu hili lina faida kwa mifumo ya malipo kuliko vipengele vingi vilivyopigiwa debe zaidi.

Turudi kwa msimamizi wetu wa saa nne usiku. Kabla ya jingine lolote, asome kosa lina uzito gani. Ikiwa diski iliyojaa ni ya majedwali tu, na shajara inakaa kwenye diski nyingine, PostgreSQL hutoa ERROR: muamala uliokosa nafasi hukataliwa, na huduma nyingine huendelea. Ikiwa imeshindwa kuandika shajara yenyewe, hutoa PANIC na kuzima kila kitu, kwa sababu bila shajara haina uwezo wa kumwahidi mteja chochote. Wanaoweka shajara na majedwali kwenye diski moja hukutana na hali hii ya pili, na seva inaweza kukataa hata kuwaka tena.

Hapo ndipo macho huangukia folda ya shajara, yenye mamia ya gigabaiti na majina ya tarakimu yasiyosomeka. Usiifute. Zamani folda hiyo iliitwa pg_xlog, na watu waliokwama walidhani ni kumbukumbu za kawaida za matukio, wakazifuta faili zake, wakabaki na hifadhidata isiyofunguka. Ilitokea mara nyingi kiasi kwamba toleo la 10, mwaka 2017, lilibadilisha jina likawa pg_wal.

Njia salama ni kuongeza nafasi: kupanua diski ikiwa iko kwenye wingu, au kuhamisha vitu visivyo vya hifadhidata. Wasimamizi wazoefu huacha faili la kujazia nafasi, la gigabaiti chache, kwenye diski ileile, la kufutwa siku ya shida. Tena, linganisha amri df na du. Zikitofautiana sana, huenda kuna faili lililofutwa lakini programu fulani bado imelishikilia, na nafasi yake haitarudi hadi programu hiyo iliachie. Na ikiwa df inaonyesha nafasi tele huku kuandika kukikataliwa, angalia idadi ya inodi. Mamilioni ya faili ndogo huzimaliza kabla ya gigabaiti kwisha.

Seva ikishawaka, uliza kwa nini shajara haikufutwa. Jibu karibu daima ni kwamba kuna mtu anayesubiriwa. Huenda amri ya kunakili shajara kwenda ghala la nje inashindwa kimyakimya, nenosiri likiwa limebadilishwa wiki iliyopita. Au kuna sloti ya urudufishaji: ahadi ambayo seva kuu imeiwekea seva ya nakala kwamba haitafuta shajara ambayo nakala haijaisoma. Nakala ikizimwa na sloti ikasahauliwa, seva kuu hutunza ahadi hadi diski ipasuke. Tazama pg_replication_slots, sloti isiyo hai na iliyoachwa nyuma sana ndiyo mshukiwa wako. Tangu toleo la 13 la mwaka 2020 kuna max_slot_wal_keep_size, kikomo cha subira hiyo, lakini kwa kawaida huja bila kikomo chochote. Kiweke wewe.

Kosa jingine la usiku ni kukimbilia DELETE. Katika PostgreSQL mstari uliofutwa hauondoki. Hutiwa alama tu, ukisubiri usafishaji. Zaidi ya hayo, kila ufutaji nao huandikwa kwenye shajara. Anayefuta mistari milioni 50 ili kupata nafasi anaongeza maandishi kwenye diski iliyojaa. VACUUM FULL nayo huhitaji nafasi ya kujenga nakala nzima mpya ya jedwali kabla ya kuachia ile ya zamani. Vinavyorudisha nafasi mara moja ni TRUNCATE na DROP TABLE. Kwa hiyo mwenye data nyingi za tarehe huzigawa katika majedwali ya mwezi mmojammoja, ili siku ya kuondoa za zamani adondoshe jedwali zima.

Si kila kugoma ni kujaa. Diski inaweza kuwa na nafasi na ikakosa pumzi. Diski za gp2 za Amazon, kwa mfano, hutoa operesheni 3 kwa sekunde kwa kila gigabaiti, hivyo ya gigabaiti 100 ina haki ya 300. Ndogo huruhusiwa kupanda hadi 3,000 kwa kutumia akiba ya operesheni milioni 5.4. Piga hesabu: kwa kasi hiyo kamili akiba inakwisha kwa takriban nusu saa. Majaribio ya dakika 10 yatapita kwa kishindo; siku ya mishahara, dakika ya 35, kila kitu kitaganda. Kabla ya kulipia diski kubwa, tazama programu inakamilisha miamala vipi. Kukamilisha baada ya kila mstari kunailazimisha diski kuthibitisha kila mara. Mistari 1,000 katika muamala mmoja huthibitishwa kwa pamoja, na tofauti yake ni kubwa mno.

Lakini je, diski ikithibitisha, imesema kweli? Mwaka 2018 Craig Ringer aliwaonyesha watengenezaji wenzake wa PostgreSQL kwamba kwa miaka mingi walikuwa wameelewa vibaya wito wa fsync, ule unaoamuru data isukumwe hadi kwenye diski. Waliamini kwamba ukishindwa, waweza kuurudia. Kumbe kwenye Linux, kuandika kukishindwa, kerneli ingeweza kuripoti kosa mara moja kisha kuuhesabu ukurasa ule kuwa safi. Wito wa pili ukajibu kwamba mambo ni shwari. Chekipointi ikapita, shajara ikafutwa, na data haikuwapo popote. Matoleo ya Februari 2019 yalibadilisha tabia: fsync ikishindwa, hifadhidata hujizima kwa PANIC na kujijenga upya kutoka kwenye shajara. Ukikutana na PANIC ya namna hiyo, pongeza mtambo, kisha soma ujumbe wa kerneli kwa amri dmesg. Kosa la kusoma au kuandika kutoka kwenye kifaa chenyewe si la kuwasha na kuzima. Nakili data kwenda diski nzima kwanza.

Limebaki kosa la ajabu kuliko yote: diski ni nzima, ina nafasi, ina kasi, na hifadhidata bado inakataa kuandika. Kila muamala unaoandika hupewa namba ya biti 32. Namba hizo ni takriban bilioni 4, na huzunguka kama saa ya ukutani, hivyo kwa wakati wowote ni bilioni 2 tu zilizopita zinazoweza kutambuliwa kuwa za zamani. Usafishaji wa nyuma ya pazia hugandisha mistari mizee ili namba zitumike tena. Ukichelewa, PostgreSQL hugoma kabla haijaanza kuichukulia data ya jana kuwa ya kesho. Huduma ya mtandaoni ya Sentry iliangukia humo mwaka 2015, na ile ya Mandrill mwaka 2019. Mfumo wa miamala 5,000 kwa sekunde humaliza bilioni 2 hizo kwa siku 5 hivi.

Usafishaji huo huzuiwa na muamala ulioachwa wazi tangu juzi, muamala ulioandaliwa nusu na kutelekezwa, au ile sloti iliyosahauliwa, ambayo huweza pia kushikilia mistari ya zamani. Ondoa kizuizi, kisha endesha VACUUM. Ushauri wa zamani wa kuizima seva na kuiendesha kwa mtumiaji mmoja hauhitajiki tena katika hali nyingi, na nyaraka rasmi sasa zinashauri uepukwe kila inapowezekana. Nazo zinataka VACUUM ya kawaida: FREEZE inafanya kazi zaidi ya inayohitajika, na FULL itashindwa, maana yenyewe inadai namba ya muamala, na namba ndizo zilizokwisha.